Mama Hiol, Kati ya Magogo ya Kamerun na ya Gabon

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mama Ernestine Hiol anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Takwimu za Magogo, hapa Douala, kwa miaka thelathini na saba. Hiyo ndiyo tarehe rasmi. Kabla yake palikuwa na tarehe nyingine tatu rasmi, kila moja na keki yake, na keki zote tatu tulizila bila mtu yeyote kustaafu.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa nilikuwa mkuu wake kwa miaka thelathini na miwili. Bi. Tchatchoua, aliyekirithi kiti changu, alinipigia simu nyumbani Deido akasema, "Baba, andika kitu kifupi, kizuri, cha kuchangamsha watu." Nikamwambia nitajaribu. Lakini daktari wangu amekwisha kuniambia nisihangaike kununua kalenda ya mwakani, na mtu aliyefikishwa hapo hana tena sababu ya kuandika kwamba kufanya kazi na fulani kulikuwa raha tupu. Basi naungama mapema: mwanamke huyu amenichosha. Alinichosha nilipokuwa na nguvu, akanichosha nilipozeeka, na wiki hii, nikiwa na mpira wa hewa puani, amenichosha kuliko miaka yote niliyomfahamu.

Tena si mimi tu. Kule Makak, mji mdogo kwenye reli ya Yaoundé, yuko mumewe, Bwana Célestin Hiol, aliyekuwa mkuu wa stesheni. Yeye alistaafu miaka tisa iliyopita, akajenga nyumba, akapanda mipapai na michikichi, akakaa barazani kumngoja mkewe. Mwaka jana macho yake yalianza kufifia. Daktari wa Yaoundé alimwambia kwamba ugonjwa umekwisha kula sehemu kubwa, na kilichobaki hakitafika Krismasi ya mwaka huu. Célestin hakuomba dawa nyingine. Aliomba jambo moja tu: mkewe arudi nyumbani wakati yeye bado anaweza kumwona. Na mkewe akajibu, "Nakuja, namalizia jedwali."

Jedwali lenyewe ndilo habari ya maisha yake, kwa hiyo nilieleze.

Aliajiriwa Machi 1988, mwanatakwimu kamili mwenye shahada mbili, na siku ya kwanza akaniambia kwamba meza yake ilikuwa upande mbaya wa dirisha. Tulimpa kazi tuliyodhani ni ya kupashia mwili moto: kulinganisha biashara ya magogo ya miti migumu ya Kamerun na ya Gabon, mwaka kwa mwaka, tangu nchi hizi zipate uhuru. Safu mbili. Kamerun kushoto, Gabon kulia, jumla chini. Nilimpa hadi Pasaka.

Pasaka ikaja. Mama Hiol akaja na karatasi tupu.

"Bosi, hizi safu haziwezi kukaa pamoja."

"Kwa nini? Si magogo yote?"

"Magogo yote, ndiyo. Lakini la kwao linaelea, la kwetu linazama."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania, hana kipaji hicho. Wagabon walikuwa wakiuza hasa okoume, mti mwepesi, unaofungwa kwa kamba kuwa chelezo na kuteremshwa na mto Ogooué hadi baharini. Azobe, mti wetu mzito, ukiutupa mtoni huuoni tena, kwa hiyo wa kwetu ulipanda lori, kisha treni, kisha meli, na kila ulipobadilisha chombo kuna mtu aliuhesabu. Gogo la Kamerun, katika karatasi tulizokuwa tukiletewa, lilizaliwa mara tatu. Gogo la Gabon lilihesabiwa lilipofika pwani, na lililokatikiwa kamba njiani halikuzaliwa kabisa. Juu ya hayo, magogo ya kaskazini mwa Kongo yalikuwa yakija kupandia meli hapa Douala. Gogo la Mkongo likilala bandarini kwetu siku moja, aliniambia, kesho yake linaamka Mkamerun.

Mtu mwingine angeandika maelezo mafupi chini ya jedwali, akaenda kula. Yeye aliomba gari aende Campo.

Campo, kwa wale mnaokaa ofisini tu, iko mwisho wa nchi, na ng'ambo ya mto ni Guinea ya Ikweta. Alikuwa amesikia kwamba magogo yaliyokatika kutoka vyelezo vya Gabon husukumwa na bahari hadi ufuko huo, akataka kujua ni mangapi. Dereva alinisimulia kwamba walimkuta mama mmoja wa Kibatanga amekalia gogo la okoume akipara samaki. Mama Hiol akamwomba anyanyuke alipime.

"Unalipima ili iweje?" akauliza yule mama.

"Nataka nilihesabu. Ni la Gabon."

"La Gabon! Nimejifungulia watoto wanne pembeni ya gogo hili. Mwambie huyo Gabon aje alichukue yeye mwenyewe, nami nimwoneshe kisu changu cha samaki."

"Mama, sitalichukua. Nalihesabu tu."

"Basi mhesabu na mume wangu hapo kivulini. Naye hana kazi, naye alisukumwa na maji."

Alirudi Douala na magogo kumi na moja, yaani kumi na moja kwenye karatasi. Nikamuuliza yanabadilisha nini katika mamilioni ya mita za ujazo. Akasema hayabadilishi kitu, ila sasa tunajua kwamba hayabadilishi kitu. Nilikwenda chooni nikakaa humo kidogo ili nisimjibu.

Katika safari hizo za kutafuta ukweli wa upande wa pili ndipo alipompata Ghislain Boussougou, mwenzake wa Libreville, naye mwanatakwimu, naye mbishi, naye mtu wa kurudia hesabu hadi karatasi itoboke. Nilishukuru siku walipofahamiana. Nilidhani watamalizana wao kwa wao. Walipigiana simu kila Jumanne kwa miaka thelathini, na ukuta kati ya chumba chake na changu ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Ninyi Wagabon hata ndizi ya kupika mnanunua kwetu, mtajua kuhesabu miti?"

Nikisikia hivyo najua ni kama saa nne na nusu. Sauti ya Boussougou ilikuwa kubwa kiasi kwamba jibu nalo lilipita mbaoni:

"Na ninyi, dada yangu, mnaiba hata uraia wa gogo la Mkongo! Likipita tu mlangoni mnalivisha jezi ya timu ya taifa!"

Halafu wanacheka. Halafu wanagombana kwa dhati juu ya unene wa gome. Halafu yeye anakuja mlangoni kwangu kusema kwamba ripoti itachelewa.

Nisiwe mchoyo. Kati ya kelele hizo alitujengea mfululizo ambao ofisi hii inajivunia, na mtu akiusoma kuanzia juu hadi chini anaiona historia ya kanda hii vizuri kuliko katika hotuba yoyote. Anaiona Gabon ikiwa mbali mbele yetu zamani zile, okoume yake ikienda Ufaransa kutengenezewa mbao za tabaka, yaani plaiwudi. Anauona mwaka 1994, faranga yetu iliposhushwa thamani, bei ya magogo yetu ikawa rahisi kwa mgeni, na safu zote mbili zikapanda kama maziwa yanayochemka. Anaiona China ikiingia kununua, na Ulaya ikisogea pembeni. Anauona mwaka 1999, sisi tulipozuia aina nyingi za miti kusafirishwa nje zikiwa magogo, safu yetu ikaporomoka na ya Gabon ikaendelea kusimama. Kisha mwaka 2010 anaiona Gabon ikipiga marufuku usafirishaji wa magogo yote, na safu yake inakuwa sifuri.

Hapo alikosea, na kwa kuwa alipenda kuonesha makosa ya kila mtu, na lake liandikwe. Aliapa mbele yetu wote kwamba marufuku hiyo haitapita msimu mmoja wa mvua. "Wagabon wasiuze magogo? Watakula nini, hewa?" Msimu ukapita, na wa pili, na wa kumi. Boussougou alikuwa akimpigia simu kila Januari kumuuliza kama tayari ameona mvua zimekwisha.

Nilidhani sifuri itatupumzisha sote. Safu moja ina tarakimu, nyingine haina. Ulinganisho umekufa, tuuzike kwa heshima, tupate chakula. Hata hotuba ya kufunga mradi nilikwisha kuiandika. Mama Hiol akaingia bila kubisha hodi.

"Hawajaacha kukata miti, bosi. Wameacha kuiita magogo."

Alikuwa na maana kwamba sasa Gabon inapasua miti yake nyumbani na kuuza mbao. Ili kulinganisha nchi mbili kwa haki, alisema, lazima mbao hizo zirudishwe kwenye hesabu ya magogo: kwa kila mita moja ya ujazo ya mbao iliyouzwa, zilikatwa mita ngapi za gogo? Swali zuri. Ndilo lililotumaliza.

Yeye alisema tatu. Boussougou alisema mbili. Msomaji asiye wa kazi hii ataona ni tofauti ndogo, kumbe ndiyo kila kitu. Ukiandika mbili, Gabon imepunguza kukata msitu, na sheria yake imefanya kazi. Ukiandika tatu, Gabon inakata kama zamani, ila theluthi mbili inabaki kiwandani ikiwa vumbi na vipande vya kuchomea samaki. Wizara mbili zilikuwa zikingoja tarakimu hiyo. Hakuna jedwali ambalo lingetoka bila sahihi za wote wawili, maana hivyo ndivyo mkataba wa ofisi zetu ulivyoandikwa, na niliuandika mimi, nikidhani nafanya jambo la busara.

Miaka ikaenda. Mwaka 2019 tulimleta Boussougou Douala ili gogo moja lipasuliwe mbele ya macho yao kwenye kiwanda kimoja cha Bonabéri na ugomvi uishe. Walisimama pande mbili za msumeno kama mashahidi wa harusi wasiopendana. Ikatoka mbili na nusu. Nilipiga makofi. Boussougou akasema fundi wa Kamerun anapasua kwa ulevi. Mama Hiol akasema fundi amejitahidi kupita kiasi kwa sababu anatazamwa. Fundi mwenyewe akasema alikuwa na haraka ya kwenda msibani, na kama wangemwambia wanataka ngapi angewapa. Wote wawili wakakataa kutia sahihi, wakaenda pamoja kula ndole, ile mboga yetu ya majani machungu, na samaki wa kuchoma, wakaniachia vumbi.

Basi hivyo ndivyo tarehe tatu za kustaafu zilivyopita. Kila mara alisema hawezi kumkabidhi mtu jedwali lenye shimo. Boussougou naye alipaswa kustaafu kabla ya janga la korona, akabaki kwa sababu hiyohiyo. Watu wa Libreville wananiambia kwamba nao wameshiba keki.

Mei mwaka huu Célestin alinipigia simu. Sisi ni marafiki wa zamani, tangu enzi za behewa la daraja la kwanza.

"Kaka, ule upande wa kushoto umezima," akasema. "Wa kulia naona kama kupitia chandarua."

"Umemwambia Ernestine?"

"Nimemwambia. Amesema wiki mbili. Kaka, mimi nimepokea treni miaka thelathini. Najua sauti ya kitu kinachochelewa."

Nilimpigia Mama Hiol, nikampigia kelele kama sijawahi, hadi binti yangu akaja kuniwekea mpira wa hewa vizuri. Nikamuuliza anataka mumewe amwone kwa kumpapasa? Hakunijibu kwa hasira. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Bosi, nikiandika mbili nitakuwa nimesema uongo miaka kumi na mitano. Nikienda bila kuandika, watakuja watu wa kuandika wanachotaka. Niambie wewe nifanye lipi." Nikakata simu, na nikaona kwamba nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

Ndipo nikampigia Boussougou. Nilimweleza habari ya macho.

"Jumanne zote hizi, hakuniambia."

"Angekwambia ungefanya nini?"

"Ningemwambia aandike tatu yake, aende zake nyumbani!"

"Basi mwambie."

"Siwezi. Atajua namwonea huruma, ataniomba nimwoneshe hesabu."

Nikakata simu hiyo nayo. Watu wawili wenye shahada tano kati yao.

Sasa mfike Jumatatu hii, tarehe 23. Bi. Tchatchoua alinipigia asubuhi, nikasikia kwenye sauti yake ule uchovu ambao nilidhani ni wangu peke yangu.

"Baba, Mama Hiol ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi? Sherehe ni Ijumaa."

"Ameondoka kabisa. Mlinzi anasema alikuja na mkoba mmoja, akakaa mezani kidogo, akatia sahihi jedwali, akampa ufunguo, akaenda kupanda treni. Ameandika mbili, Baba."

"Mbili?"

"Mbili. Ile ya Bwana Boussougou."

Mwanamke aliyempimia yule mama wa Campo kiti chake cha kuparia samaki! Nikamwambia Bi. Tchatchoua afunge faili haraka kabla dunia haijabadili mawazo.

"Haifungiki," akasema. "Barua pepe ya Libreville imeingia leo alfajiri. Bwana Boussougou naye ametia sahihi. Ameandika tatu."

Nilicheka hadi binti yangu akadhani ndiyo saa yangu, akaanza kuita majirani. Kisha hasira ikaja. Nikampigia Boussougou nikamwambia arudishe mbili yake, mambo yaishe. Akakataa katakata. Alisema amekaa usiku kucha akirudia hesabu ili apate njia ya kuikubali tatu bila aibu, na jambo baya kuliko yote ni kwamba ameipata. Nikampigia Mama Hiol, akiwa ndani ya treni, karibu na Edéa, nikamwambia basi na yeye arudi kwenye tatu, ushindi ni wake. Akasema hawezi. Ametia sahihi mbili kwa hiari yake, na kwa kweli, akiangalia vile viwanda vipya vya Gabon, kuna namna mbili inaweza kutetewa. Mtandao ukakatika. Nadhani aliukata yeye.

Kwa hiyo, wenzangu, jedwali la ulinganisho wa biashara ya magogo ya Kamerun na Gabon, baada ya miaka thelathini na saba, bado lina tarakimu mbili zisizopatana, na ugomvi ni uleule, ila wamebadilishana viti. Nimemshauri Bi. Tchatchoua achapishe zote mbili, ya Douala na ya Libreville, kila moja na jina la aliyeiandika. Wizara zitalalamika. Zilalamike. Mimi sitakuwepo kuzipokea simu zao, na hilo ni mojawapo ya mambo machache yanayonifariji.

Na Ijumaa mtakula samaki na kusikiliza hotuba mbele ya kiti kitupu. Mchukulieni hivyo alivyo. Asanteni kwa mchango wenu wa zawadi. Mche mmoja wa sabuni na kitenge si vitu vizito, treni itavibeba.

Yeye, kwa upande wetu, anashukuriwa kwa kila gogo alilolitoa katika safu isiyo yake, na kwa kila ripoti iliyochelewa, maana sasa naweza kusema kwamba zile zilizowahi kutoka mapema, kabla yake, hazikuwa na kitu ndani.

Jana jioni Célestin alinipigia tena. Nilimuuliza kama amefika salama. Akasema alikwenda stesheni saa nzima kabla ya treni, kwa mazoea ya kazi, akasimama pale behewa la pili linaposimama.

"Nimemwona, kaka. Kwa jicho moja, lakini nimemwona. Mvi zimemjaa kichwa kizima. Alikuwa akija hapa Jumamosi mbili kwa mwezi, amefunga kilemba, sikuwahi kuziona zote kwa pamoja."

"Na sasa anafanya nini?"

"Amekaa mbele yangu hapa barazani. Nimemwambia asisogee."

Mama Hiol, usisogee. Sisi huku tutajihesabia wenyewe, vibaya. Maisha yako na yawe mema huko Makak, wewe na Célestin, na jicho lile moja lidumu kuliko walivyosema madaktari.

Théodore Ekwalla,
mkuu mstaafu wa ofisi, Deido